Kiranja Mdogo wa Bweni la Chini

Mwanahawa, mwana wa mjomba,

Tangu ufe sijatukanwa. Huo ndio msiba wangu, nikiusema bila mapambo. Wajukuu wananibusu mkono. Majirani wananiita Bibi Zuwena na kuinamisha vichwa. Hata daktari wa macho, kijana wa juzi tu, husimama mpaka niketi. Hakuna tena mtu duniani wa kunipigia simu na kuanza kwa kusema, "We Mwarabu wa mhogo, bado hujafa tu?" Nami nilikuwa nakujibu kwamba nakungoja wewe utangulie ukanifagilie njia. Mzaha ule tuliuzoea mno, hata tukasahau kuwa siku moja utatimia. Umenitangulia, nami nimekuzidi umri. Huo ni utovu wa adabu, na sina wa kukushtaki kwake.

Nimechoka, binamu. Si uchovu wa kazi, maana kazi sina. Nyumba ina watu wa kupika na wa kufua, na mimi nimewekwa kwenye kiti kama saa ya ukutani. Ni uchovu wa kuwa mtu wa mwisho anayekumbuka. Nikiponyokwa na neno la kwetu Mtang'ata, watoto hucheka na kuuliza ni la lugha gani. Tulipoteremka hapa Maskati na baba na masanduku yetu, nilidhani ni safari ya miaka michache, mambo yatulie. Sasa nimekaa huku muda mrefu kuliko niliokaa Tanga, na bado wenyeji wananiita Mzanzibari, kwa sababu kwao kila aliyetoka pwani hiyo ni Mzanzibari. Unguja nilipita tu nikingoja meli. Zamani nilikuwa nawasahihisha. Siku hizi nanyamaza.

Rukia, binti yako, alinitumia kwenye simu sauti za siku ya hitma. Nilizisikiliza nimefumba macho. Mwalimu mmoja uliyemfundisha akasimama, akasema kwa sauti ya kulia kwamba wewe ulizaliwa kiongozi. Watu wakaitikia. Akasema tena: alizaliwa kiongozi, hakufundishwa.

Nilizima simu. Sikukasirika, ila nilijisikia kama mtu aliyeona nguo yake inauzwa na wanaouza hawajui ilishonwaje. Mimi nilikuwapo. Ulizaliwa binti wa mjomba Mbwana, mwoga wa kuku, na uongozi ulijifunzia kwetu, kama msusi anavyojifunzia vichwa vya dada zake. Wengine tulivutwa nywele mpaka machozi. Hili nalitaja kwa sababu lilikugharimu, na sipendi gharama ya mtu isahauliwe kwa kusifiwa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, pale chuo chetu cha ualimu cha wasichana, nje kidogo ya mji, barabara ya kwenda Muheza. Bibi Mkuu wetu, Mwingereza mrefu aliyependa maua yake kuliko mazungumzo, alitukusanya akatuambia kwamba sote tutakuwa walimu, kwamba mwalimu ni kiongozi, na kwamba uongozi haufundishwi ubaoni. Kwa hiyo kila bweni lichague kiranja wake lenyewe, naye ajizoeze kwa wenzake. Alitumia neno hilo hilo, ajizoeze. Tukatazamana. Sisi ndio tungekuwa wa kuzoezewa.

Bweni la chini tulikuwa mchanganyiko: sisi wa pwani, Wabondei wa Muheza, Washambaa wachache kutoka milimani. Na Bi Tatu. Wewe huhitaji maelezo yake, lakini nayaandika kwa sababu yote yalimzunguka yeye. Bi Tatu wa Maramba alikuwa mwanamke mzima kati ya wasichana. Alikwisha kuolewa, akazaa, akaachwa. Mtoto wake, Mwanakombo, alikuwa kwa watu wa mumewe, nao walimwambia wazi: ukiwa na kazi yako na nyumba yako, njoo umchukue, ukirudi kukaa kwa kaka yako, mtoto atabaki hapa hapa. Na yule kaka alimpa nafasi moja tu ya kusoma. Akishindwa chuo, palikuwa na mzee mmoja mwenye mashamba kule Maramba aliyekwisha kuleta posa. Kwa hiyo sisi wengine tulikuja kutafuta cheti. Bi Tatu alikuja kumtafuta mwanawe.

Sote tulimwamkia. Asubuhi, kabla ya kupiga mswaki, "Shikamoo Bi Tatu," naye "Marahaba, mwanangu," bila kuinua macho kutoka kwenye kitabu chake. Alisoma kama anayelima.

Uchaguzi unaukumbuka. Yule mwalimu wa hitma angeuona angejisitiri uso. Hatukukuchagua kwa uhodari. Hakuna mtu mzima aliyetaka kazi ile, maana kiranja hupeleka habari ofisini, na anayepeleka habari ofisini hali na watu. Tulikuchagua kwa kuwa ulikuwa mdogo kuliko sisi sote na hungeweza kutuumiza. Agnesi, yule Mbondei aliyekuwa akicheka kama anayepiga chafya, ndiye aliyesema, "Tuweke huyu. Akitusumbua tutampakata." Mikono yote ikainuka. Wewe ulikuwa umesimama pale na gauni lililokuzidi mabega, ukishukuru.

Wiki za mwanzo hukuongoza mtu. Ulifagia. Uliamka kabla yetu ukateka maji ya mapipa yote, ukapangusa vioo vya taa, ukaokota majani uwanjani, na tulipoamka tulikuta bweni linang'aa na kiranja wetu ameegemea mlango amesinzia. Tukasema una tabia njema. Ulikonda mpaka shingo ikawa kama ya kifaranga, nami nikakwambia hivyo, nikiwa binamu yako na mtani wako, na ulinijibu kwa neno ambalo sitaliandika.

Nilipokuuliza kwa nini huwatumi wenzako, uliacha ufagio ukanitazama kana kwamba mimi ndiye mpumbavu. Ulisema, "Nitamtumaje mtu niliyemwamkia shikamoo asubuhi?"

Kwetu mkubwa ndiye humtuma mdogo. Hilo tulilinyonya. Mtoto hampi mtu mzima ufagio. Akimpa, watu huuliza mama yake ni nani. Bibi Mkuu alikuwa amekupa cheo, lakini umri hakuweza kukupa, na kwetu cheo kisicho na umri ni kofia ya baba kichwani mwa mtoto: inamziba macho.

Kisha siku moja Bibi Mkuu akapita mapema kumwagilia maua yake, akakukuta na ndoo mbili. Akakuita ofisini. Uliporudi ulikuwa umekunja midomo. Ulituambia kwamba kuanzia kesho utasimama barazani, utasoma jina la kila mtu na kazi yake kwa sauti, na utasoma majina matupu. Bi ziache, Dada ziache. Bibi Mkuu amesema hapa wote ni wanafunzi.

Ningalikuzuia? Nimejiuliza mara nyingi nikiwa kwenye kiti hiki. Nadhani usingenisikia. Ulikuwa umechoka, na mtu aliyechoka hushika amri yoyote anayopewa kama anayeshika kamba.

Asubuhi ile ulisoma vizuri. Zuwena, mapipa. Agnesi, uwanja. Ukasoma wengine. Halafu, kwa sauti ile ile, kwa kuwa ndivyo zamu ilivyoangukia:

"Tatu, vyoo."

Kuku wa jikoni tu ndio waliosikika. Hata Washambaa, ambao wana adabu zao nyingine, waliinamisha macho. Si vyoo. Bi Tatu alikwisha kuosha vyoo zaidi yetu sote. Ilikuwa ni lile jina, lililovuliwa nguo mbele ya watoto, na amri ikapandishwa juu yake.

Alikwenda akaviosha, tena vizuri. Kisha akarudi bwenini, akaanua kanga zake kambani, akazikunja, akazitia mkobani, na juu yake akaweka vitabu. Akaketi kitandani. Agnesi alipomuuliza, alijibu kwa upole kwamba Ijumaa lori la machungwa likirudi tupu Muheza atalipanda, na kutoka Muheza hakosi la Maramba. Agnesi akasema, "Na Mwanakombo je?" Bi Tatu akasema, "Mwanakombo ana mama aliyeitwa kama mbuzi. Bora asiwe naye."

Sijasikia neno zito kuliko hilo, na nimeishi sana.

Wewe ukakimbia kumwomba radhi. Hapo ndipo ulipokosea mara ya pili, na kosa hilo asingelifanya Mwingereza wala mtu wa bara, lilikuwa letu. Ulikwenda mwenyewe, peke yako, ukasimama mbele ya kitanda chake na yeye ameketi. Nilikuwa dirishani. Ulisema umekosa, akusamehe. Akakuuliza, "Umekuja kama nani? Kama kiranja, au kama mtoto?"

Ukija kama kiranja, huna kosa, umetimiza amri. Ukija kama mtoto, mtoto hajipeleki kuomba radhi kwa mkubwa. Hupelekwa, ameshikwa mkono na mtu mzima anayemsemea, naye mwenyewe hutazama chini. Hilo mjomba Mbwana alikufundisha kwa bakora. Uliondoka bila kujibu, na Bi Tatu akageukia ukuta. Kuanzia hapo hakula nasi sinia moja. Aliingia bwaloni kwa kuwa sheria ilitaka, akaketi pembeni na kipande cha mhogo, ametupa mgongo.

Alhamisi asubuhi ulinikuta kwenye tangi la maji nikifua. Hukuwa umelala, macho yamekuvimba, lakini ulikuwa umetulia kwa namna ambayo sijawahi kuiona kwako. Nayakumbuka maneno yako kwa sababu ndiyo siku ya kwanza niliyokuona unaongoza.

Ulisema, "Mkosaji hupelekwa na mkubwa. Na humu ndani mkubwa ni mmoja, ndiye huyo niliyemkosea. Nani anipeleke?"

Nikasema hakuna.

Ukasema, "Basi nifunge."

Nilikuelewa mara moja. Kwetu mtani anaweza kukukamata arusini au matangani, mbele ya halaiki, akakutukana atakavyo, akakufunga mikono kwa kanga, na hufunguliwi mpaka mkubwa wako ainuke atoe fidia. Awe mkubwa wako kweli, mwingine haruhusiwi. Mimi nilikuwa binamu yako, haki ya kukufunga ilikuwa yangu. Bi Tatu hakuwa mtani wa yeyote kati yetu, lakini alikuwa na kitu kimoja tu tulichokuwa tumemnyang'anya: ukubwa. Ulitaka kumwachia mlango autwae mwenyewe.

Nikauliza, "Na asipoinuka?"

"Nitakuwa nimefungwa. Utaninywesha uji."

Nikakwambia Bibi Mkuu hupita bwaloni kabla ya kengele ya mchana. Akikukuta umefungwa na wanafunzi wako mwenyewe, cheo kimekwisha, na pengine chuo. Ulisema unajua. Ukaninyooshea mikono palepale kunionyesha nifungeje, kama fundi anayempimia mtu mwingine.

Tulipokwisha kupakua chakula, nilisimama. Nilikuwa na kanga ya mama, ile nyekundu. Nikakushika kiwiko, nikakuburura mpaka katikati ya bwalo, nikapaza sauti:

"Jamani, nimekamata mwizi."

Agnesi, ambaye hakuambiwa chochote lakini alikuwa na akili ya utani kuliko sote, akadakia na tonge mkononi: "Kaiba nini?"

"Kaiba ukubwa wa watu. Mtazameni. Huyu juzi alikuwa akipandishwa kitandani kwa kuogopa kuku wa mama yangu. Leo anasimama barazani anaita watu wazima kama anayeswaga mbuzi."

"Mfunge."

"Mjomba wangu alipomzaa alimtazama, akamwambia mkunga, samahani, huyu si wa jirani? Mkunga akasema chukua hivyo hivyo, wazuri wamekwisha."

Watu walicheka, mwanzo kwa uoga, kisha kwa kweli. Nilikufunga. Nilisema mengine, kuhusu kichwa chako na kuhusu kufagia kwako mpaka majani yakaomba likizo. Wewe ulitazama chini, kama inavyotakiwa, lakini shingo ile ya kifaranga ilikuwa ikitetemeka, na mimi peke yangu niliyekushika ndiye niliyejua.

Kisha nikasema lile la mwisho. "Mtoto huyu ana mkubwa humu? Kama ana mkubwa, aje amkomboe."

Kicheko kikakatika. Bi Tatu alikuwa ametupa mgongo. Alimenya kipande chake cha mhogo, akakitafuna polepole, akameza. Akamenya kingine. Hakuna aliyekula. Hakuna aliyemtazama wazi wazi, tulitazama masinia. Nakumbuka wali unavyopoa na samaki anavyotukodolea. Nikaanza kuona kwamba hatainuka, kwamba tumekwisha kukutumbukiza na hatuna kamba, na nikalegeza fundo kidogo kwa kidole. Ulinikanyaga mguu. Kaza, ndivyo ulivyomaanisha. Nikakaza.

Viatu vya Bibi Mkuu vikasikika barazani.

Alisimama mlangoni, na mkasi wake wa maua mkononi. Akakuona. Akauliza kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "Kwa sababu gani mtu huyu amefungwa?"

Agnesi, wa kusema kila kitu, hakusema kitu. Wewe hukuinua uso. Neno moja tu la malalamiko kutoka pale pembeni, la haki kabisa, lingekumaliza. Na Bi Tatu alikuwa na kila sababu ya kulisema. Mkoba wake ulikuwa umekwisha kufungwa.

Akafuta mikono kwa pindo la kanga. Akainuka. Akasema, "Ni mtoto wangu, Bibi. Amegombana na binamu yake. Nakwenda kumfungua."

Bibi Mkuu alitutazama sote, kichwa upande, kama anayetazama mmea asioujua jina. Akasema vema, kengele iko karibu, akaenda zake.

Bi Tatu akaja mpaka kwenye sinia letu. Akaniuliza, "Unataka nini, wewe Mwarabu?" Nikasema nataka fidia yangu. Akainama, akafinyanga tonge la wali na samaki, kubwa, akalisukuma lote mdomoni mwangu mpaka nikashindwa kupumua. "Fidia hiyo. Sasa nyamaza." Bwalo likaanguka kwa kicheko. Akafungua kanga, fundo kwa fundo, akaikunja, akanirudishia. Hakukukumbatia. Hakusema amekusamehe. Aliketi kwenye sinia letu mahali pake pa zamani, akanawa, akala, na wewe ukabaki umesimama mpaka aliposema, "Kaa ule, una kazi mchana."

Mkoba aliufungua jioni ile ile. Lori la machungwa lilipita Ijumaa na hakuna aliyelisimamisha.

Lakini kabla ya hapo alikuita. Mimi nilikuwa kitanda cha pili, nikajifanya nasoma. Alikwambia, "Kesho ukisimama barazani, usianze na kazi. Anza kwa kuniamkia. Nikikuitikia marahaba, nimekupokea. Na mtoto niliyempokea siwezi kumkatalia. Hapo ndipo unitume."

Na asubuhi yake ulisimama barazani, gauni likikuzidi mabega. Ukasema, "Shikamoo Bi Tatu."

"Marahaba, mwanangu."

Ukasoma zamu yake. "Vyoo."

Alicheka. Bi Tatu, ambaye hatujawahi kuyaona meno yake yote, alicheka mpaka akashika nguzo. Akajifunga kanga kiunoni, akaenda kuviosha, akiimba. Kazi ni ile ile, zamu ni ile ile. Kuanzia siku hiyo uliwaamkia wote waliokuzidi, mmoja mmoja kwa umri wake, ndipo ukawapa kazi, na hakuna aliyekataa tena. Bibi Mkuu aliona, akawaambia mabweni mengine waje kujifunza utaratibu mpya wa bweni la chini. Sisi hatukumweleza kwamba haukuwa mpya.

Hapo yule mwalimu wa hitma angemalizia hadithi, na watu wangeitikia. Mimi nakumbuka pia Jumamosi iliyofuata. Nilikukuta nyuma ya jiko umeketi juu ya gogo, mchana wa jua kali, umekumbatia magoti. Nilidhani utakuwa na furaha. Ulisema, "Zuwena, sitaki tena. Nimewaingiza wote kichwani na hawatoki. Nikilala namjua kila mtu kwa pumzi yake." Nikakutania kwamba pumzi ya Agnesi hata viziwi wanaijua. Hukucheka. Nilikaa nawe kwenye gogo, tukasikia kengele, ukainuka ukaenda kuipanga mistari. Nilikutazama mgongo ukienda. Nikaona kwamba umeshikwa na kitu ambacho hutakiweka chini maisha yako yote. Na hukukiweka. Shule zote zile ulizokuwa mwalimu mkuu, kamati zile, misiba ya watu uliyosimamia mpaka magoti yakafa. Kila uliponipigia simu, baada ya matusi, ulikuwa ukihema. Nikikuuliza umechoka, unasema si mimi, ni ngazi.

Bi Tatu alimaliza chuo. Alipangiwa kwao Maramba, akapewa nyumba ya mwalimu, na kabla hata hajanunua kitanda alikwenda kumchukua Mwanakombo. Hili uliniandikia wewe, nami nilikuwa bado Tanga. Baada ya hapo nikaondoka, na ya huko nikawa nayapata kwa vipande.

Sasa nikueleze jambo ambalo hukuliona, kwa kuwa ulikuwa umelala ubaoni. Rukia ndiye aliyenisimulia, juma hili.

Siku yako, wanawake walipokuwa wamekwisha kutayarisha maji ya kukuosha, likafika gari kutoka Maramba. Akateremka bibi kizee, amepinda, ameshikwa mkono na mwanamke ambaye naye ana mvi. Wasimamizi wa chumba wakamwambia apumzike nje, ndani ni kwa watu wa karibu. Akawauliza nani anayeosha. Wakamtajia. Akasema yeye ataingia. Rukia hakumjua vizuri, alimwuliza kwa heshima, "Bibi, wewe ni nani wa marehemu?"

"Mimi ni mkubwa wake."

"Kwa upande wa baba au wa mama?"

"Kwa upande wa shikamoo."

Wakampisha. Hawakujua kwa nini, lakini wakampisha. Mwanakombo alimshika kiuno asianguke, na yeye akashika kata ya maji, akamimina mpaka mwisho. Kwa hiyo ulipelekwa na mkubwa, Mwanahawa. Hukujipeleka.

Rukia akanieleza na lingine ambalo wewe hukuwahi kunitajia, mnyamavu wewe. Kwamba kila Idd ulikwenda Maramba, na miguu ilipokataa ukawa unapiga simu, na kwamba hukuwa ukimwamkia tu. Ulikuwa ukimtuma. Shikamoo Bi Tatu, nataka achari ya ndimu. Shikamoo Bi Tatu, nisukie ukili wa mkeka. Naye anafoka, kisha anafanya. Baada ya hitma, akiwa anasubiri gari, alimwambia Rukia, "Maramba nzima wananiamkia. Wanaamkia wanapita. Huyu alikuwa ananiamkia halafu ananipa kazi."

Namba yake ninayo sasa, Rukia amenisomea, nami nimeiandika kwa herufi kubwa.

Sina la kukuahidi zaidi, mwana wa mjomba. Sitaweza kuja kukaa kaburini kwako. Daktari hataki nipande ndege, na hata akitaka, mimi sitaki kuteremka Tanga nisitukanwe na mtu. Mungu akupanulie ulipo, akupumzishe na watu wote uliowabeba kichwani, na wao wasikusumbue kwa kupumua. Mimi Ijumaa hii, ikishaswaliwa huko kwenu, nitapiga simu Maramba. Nitamwamkia. Akisema marahaba, na atasema, nitamwambia ni Zuwena, nimemaliza kutafuna tonge lake, na nataka mkeka wa kuswalia wenye ukili mwembamba, na asinicheleweshe.

Binamu yako,
Zuwena